Mkanda wa taimingi: utajuaje kama wako umefika mwisho

"Fundi, gari yangu ina kilomita elfu themanini na mbili. Taimingi belti nibadilishe au bado?"

Swali hili linanifikia karibu kila wiki, kwa simu, kwa sauti za WhatsApp, na mara nyingine kwa mtu aliyesimama nje ya gereji injini ikiwa bado inawaka. Nami humrudishia swali: injini gani? Hapo wengi hunitajia jina la gari. Ukisema Noah hujaniambia kitu, maana kuna Noah ya mkanda na Noah ya cheni. Ukisema kilomita elfu themanini hujaniambia kitu pia, mpaka nijue gari lilitoka kiwandani mwaka gani na nani aliwahi kulifungua.

Basi nimeziandika hatua zote kwa mpangilio ninaoufuata mwenyewe. Nyingi utazifanya nyumbani bila kuwa fundi. Kazi ya kufunga mkanda mpya mwachie fundi, ila usimwachie gari ukaenda kunywa chai. Simama pale, nitakuambia uangalie nini.

Maelezo ya darasani ni haya tu. Mkanda wa taimingi ni mpira wenye meno kwa ndani, umefichwa nyuma ya kava za plastiki upande wa mbele wa injini. Usiuchanganye na fen belti, ile inayoonekana kwa nje ikizungusha altaneta na AC. Huu wa ndani unaiunganisha krenki iliyo chini (shafti inayozungushwa na pistoni) na kemu iliyo juu (shafti inayofungua vavu, yaani milango ya hewa na moshi): krenki ikizunguka mara mbili, kemu inazunguka mara moja, na vavu zinafunguka na kujifunga pale pistoni inapozipisha. Mkanda ukikatika, kemu inasimama papo hapo, lakini krenki bado ina mwendo wake. Kinachofuata kinategemea umenunua injini gani.

KABLA HUJAANZA

Andaa hivi:

- Kadi ya gari, pamoja na karatasi za Kijapani zilizokuja na gari kama bado unazo.
- Tochi. Ya simu inatosha.
- Soketi namba 10 na namba 12 na mpini wake.
- Kitambaa safi, na kikopo cha kuwekea bolti. Bolti moja ya kava ikidondoka chini kwenye puli utaitafuta hadi jioni.
- Daftari na kalamu.
- Injini iliyopoa kabisa, na ufunguo uwe mfukoni mwako, siyo kwenye swichi. Mtoto aliyebaki ndani ya gari anapenda sana kuzungusha ufunguo.

HATUA

1. Tafuta jina la injini

Fungua boneti utafute bati dogo lililopigiliwa kwenye ukuta unaotenganisha injini na sehemu ya abiria. Kwenye Toyota utaona herufi na namba kama 5A-FE, 3S-FE au 1NZ-FE. Kama bati limefutika, soma namba ya injini kwenye kadi. Mara nyingi herufi za mwanzo ndizo jina lenyewe. Hakikisha zinalingana na zile zilizogongwa kwenye bloku, kwa sababu magari mengi mitaani yameshabadilishwa injini na kadi haikubadilishwa. Liandike daftarini.

2. Angalia kama ni mkanda au cheni

Hizi ndizo ninazokutana nazo zaidi.

Za mkanda: 4E-FE na 5E-FE (Starlet, Raum ya kwanza); 4A-FE, 5A-FE na 7A-FE (Corolla 110, Carina Ti, Premio ya zamani, Spacio ya kwanza); 3S-FE (Noah SR40 na SR50, Ipsum ya kwanza, RAV4 ya kwanza); 1G-FE (Mark II GX100 na GX110); dizeli za 2L, 3L, 5L, 1KZ, 1KD, 2KD, na 1HZ ya Land Cruiser mkonga. Subaru za EJ20 na EJ25 ni mkanda. Mitsubishi za 4G63 na 4D56 ni mkanda.

Za cheni: 1NZ na 2NZ (IST, Probox, Spacio mpya), 1ZZ, 1AZ na 2AZ (Noah AZR60, Ipsum mpya), 1TR na 2TR, dizeli mpya za 1GD na 2GD, Nissan za QG, QR, HR na MR, na Subaru za FB.

Kama injini yako haimo humo, itazame kwa mbele. Kava ya plastiki iliyoshikwa na bolti ndogo ndogo ni dalili ya mkanda. Kava ya aluminiamu iliyozibwa kwa silikoni pembeni ni dalili ya cheni, kwa sababu cheni inaogelea kwenye oili na mkanda hautaki oili hata tone.

Una cheni? Kazi yako imeishia hapa. Badilisha oili kwa wakati, na ukisikia inakwaruza asubuhi injini inapowaka ikiwa baridi, nenda gereji. Kuna mafundi wanaowauzia watu "taimingi belti ya IST". Hakuna kitu kama hicho.

3. Jua kama injini yako inagonga

Mkanda ukikatika kwenye 4A-FE, 5A-FE, 7A-FE au 3S-FE, pistoni hazizifikii vavu. Gari linazima, unavutwa, unafungiwa mkanda mpya, unaondoka. Kwenye dizeli zote nilizozitaja, Subaru nyingi za EJ, Mitsubishi hizo mbili, na 1G-FE yenye VVT-i (mfumo unaobadilisha wakati wa vavu kufunguka) iliyo kwenye GX110, pistoni inapanda inaikuta vavu imening'inia na kuigonga. Vavu inapinda. Hapo hedi, kile kichwa cha injini kinachobeba vavu, inashuka.

Hili linakuambia ukubwa wa hasara tu, halikupi ruhusa ya kuzembea. Hata injini isiyogonga ikizima ukiwa unateremka Kitonga na lori nyuma yako, usukani unakuwa mzito na breki zinakuwa ngumu kama unakanyaga ukuta, maana vyote viwili vinasaidiwa na injini iliyo hai.

4. Tafuta ushahidi wa mkanda wa mwisho

Hatua hii watu huiruka, na ndiyo yenye thamani kuliko zote.

Gereji za Japani zikibadilisha mkanda hubandika stika. Itafute juu ya kava ya plastiki, upande wa ndani wa boneti, karibu na kichwa cha shokapu, na kwenye fremu ya mlango wa dereva. Imeandikwa タイミングベルト, yaani taimingi belti, na chini yake kuna tarehe na kilomita. Usiogope maandishi. 年 ni mwaka, 月 ni mwezi, 日 ni siku, na 万 ni elfu kumi, kwa hiyo 10万km ni kilomita 100,000.

Mwaka ndio unaowachanganya watu. Wajapani huandika mwaka wa enzi ya mfalme wao. Ukiona H au 平成, jumlisha 1988. Kwa hiyo H18 ni 2006. Ukiona R au 令和, jumlisha 2018, kwa hiyo R2 ni 2020. Nilishaletewa gari ambalo mwenyewe aliisoma H18 akadhani ni 2018, akawa anatembelea mkanda wa miaka kumi na sita kwa amani kabisa.

Stika hiyo ina kazi nyingine. Niliwahi kuifuta vumbi stika kwenye Carina Ti ya mteja: mkanda ulibadilishwa gari likiwa na kilomita 103,000. Kwenye deshibodi gari lilisoma 82,000. Mwenye gari akanyamaza kidogo, akaniuliza kama inawezekana gereji ya Japani ilikosea kuandika. Haiwezekani. Kilomita zilishushwa kabla hajalinunua, na stika hiyo hakuna aliyekumbuka kuibandua.

Kama hakuna stika wala karatasi, na aliyekuuzia anasema tu "ilibadilishwa, nina uhakika", andika daftarini: haijulikani. Kwangu mimi "haijulikani" maana yake ni "haijabadilishwa".

5. Hesabu kilomita na miaka, kisha chukua kinachotangulia

Kwa Toyota nyingi za zamani kutoka Japani, kikomo cha kiwanda ni kilomita 100,000. Kwa 1KD na 2KD kuna masoko ambayo Toyota imeruhusu hadi 150,000. Namba hizo ni za barabara za huko.

Hapa kuna foleni. Gari linalotembea kwa wastani wa kilomita 60 kwa saa hufikisha kilomita 100,000 kwa saa 1,700 hivi za injini kuwaka. Gari linalokwenda Mbagala na kurudi kwa wastani wa kilomita 15 kwa saa huhitaji saa 6,600 na zaidi kufikisha kilomita zile zile. Ni kweli injini ikiwaka gari limesimama inazunguka polepole, kwa hiyo mkanda hauchakai mara nne. Lakini unazunguka, tena ndani ya joto lisilopata upepo, na odomita haihesabu hata mita moja. Ndiyo sababu magari ya mjini nayakatia kilomita 80,000. Ya barabara za vumbi pia, hasa kama kava ya plastiki imevunjika pembe au imefungwa kwa waya.

Kwa upande wa miaka, mimi husimama kwenye 7, na sivuki 10 kwa hali yoyote. Mpira unazeeka hata gari likiwa limeegeshwa.

Nilijifunza hilo kwa GX110 moja. Ya 2001, safi, kilomita 78,000, na hizo zilikuwa za kweli kabisa, karatasi zote zipo. Mwenyewe alikuwa anasubiri zifike laki moja kama kitabu kinavyosema. Ilizima inapanda Kimara. Nilipofungua kava, mkanda ulikuwa bado unang'aa kwa nje, lakini meno yalikuwa yamenyofoka yamelala chini kama mbegu za tikiti. Mkanda wenyewe haukuwa umekatika hata kidogo. Ulikuwa na umri wa gari. Injini ile ina vavu 24, na niliyemkabidhi hedi alinirudishia zilizopinda kwenye ndoo.

6. Fungua kava ya juu uangalie kwa macho

Kwenye Toyota za silinda nne kava ya juu mara nyingi hushikwa na bolti za namba 10. Zilegeze, inyanyue polepole, mulika.

Utafute haya: mipasuko kwenye mashina ya meno, meno yaliyoliwa au kukosekana, uso wa nyuma uliokuwa mgumu na kung'aa kama soli ya kiatu cha zamani, nyuzi zinazochomoza pembeni, na unyevu wa aina yoyote. Nyuzi za pembeni zina maana puli moja au bearingi imekaa upande. Unyevu mweusi ni oili kutoka sili (mpira wa kuzuia oili) ya kemu au ya krenki. Alama kavu nyeupe, kijani au ya waridi ni maji ya rejeta kutoka kwenye pampu.

Ukiona kimojawapo, usibishane na kilomita wala miaka. Badilisha.

Sasa sikiliza vizuri, maana hapa ndipo wengi wanapoteleza: mkanda kuonekana mzuri si ushahidi. Mpira wa mikanda ya siku hizi hauonyeshi mipasuko kama ule wa zamani, na kupitia kava ya juu unaona kipande kifupi tu cha mkanda mzima. Ukiona ubaya, umepata jibu. Ukiona uzuri, rudi hatua ya 5.

Kosa jingine: usiuoshe mkanda kwa petroli au dizeli "kutoa oili". Mpira ulioshakunywa oili umekwisha, na petroli inaumalizia.

7. Sikiliza, na usiiamini sana taa

Washa injini, kava ikiwa imerudishwa. Mlio mwembamba wa kulia unaopanda na mwendo wa injini, ukitokea upande wa kava, ni bearingi ya tenshena (kifaa kinachoukaza mkanda) au ya puli ya kati. Sauti ya kupigapiga plastiki ni mkanda uliolegea.

Kwenye Prado, Surf, Hiace na Land Cruiser nyingi za dizeli kuna taa imeandikwa T-BELT. Ikiwaka, ina maana kilomita zilizopangwa zimetimia. Kumbuka taa hiyo ni kaunta tu. Haiuoni mkanda, haijui oili, haijui miaka. Tena inazimika kwa kubonyeza kitufe, hata kama hakuna aliyegusa mkanda. Ikiwa imewaka, fuata. Ikiwa haijawaka, usiseme lolote kwa sababu yake.

8. Toa uamuzi

Badilisha sasa ikiwa historia haijulikani, au umevuka kilomita za hatua ya 5 au miaka 7 na injini yako ni ya kugonga, au umeona chochote kibaya kwenye hatua ya 6. Kwa injini isiyogonga yenye stika ya kuaminika unaweza kusubiri hadi mshahara ujao, ila usisafiri mikoani nayo.

Umenunua injini ya mtumba kutoka Japani? Badilisha mkanda injini ikiwa bado iko chini. Kazi ya nusu saa inageuka ya nusu siku ikishapandishwa.

9. Nunua vyote kwa pamoja

Gharama kubwa ya kazi hii ni kufungua na kufunga, kwa hiyo usinunue mkanda peke yake. Nunua mkanda, tenshena, puli zote za kati, sili ya kemu na sili ya krenki. Kama pampu ya maji inazungushwa na mkanda huu, kama ilivyo kwenye 3S-FE na Subaru za EJ, nunua na pampu na gasketi yake. Pampu ya zamani ikikwama miezi sita baadaye itaukata mkanda wako mpya. Kwenye 4A, 5A na 7A, pampu inazungushwa na fen belti, hapo ni hiari yako.

Kwenye 4D56 na 4G63 zenye shafti za kusawazisha kuna mkanda wa pili, mdogo, nyuma ya ule mkubwa. Usiusahau. Mdogo ukikatika vipande vyake vinaingia kwenye mkubwa, na wote wanakwenda pamoja.

Dukani, Kariakoo au kwingine, fanya hivi: beba mkanda wa zamani kama umeshatolewa, uhesabu meno ya wote wawili, na ulinganishe upana. Soma maandishi mgongoni. Yakifutika kwa kidole chenye mate, rudisha. Usichukue mkanda ulioning'inizwa kwenye msumari ukaachwa umekunjika, maana nyuzi za ndani zikishavunjika kwa mkunjo huzioni. Na mkanda wa mtumba usiununue hata kwa bei ya soda.

10. Simama na fundi

Mambo ya kuangalia anapofanya kazi:

- Waya wa hasi wa betri umetolewa.
- Anaweka pistoni ya silinda ya kwanza juu na kuoanisha alama zote kabla ya kutoa mkanda wa zamani. Piga picha alama za juu na za chini. Kwenye 4A-FE na ndugu zake, tundu dogo la puli ya kemu linakutana na alama ya kifuniko cha bearingi. Chini, alama ya krenki iwe kwenye sifuri.
- Kwa Subaru, angalia hili kwa macho mawili: puli zina mishale na zina vistari. Mishale si ya kufungia mkanda. Vistari ndivyo vinavyooanishwa. Fundi aliyezoea Toyota huiona mishale akafurahi, na injini haiwaki. Kwenye zile zenye kemu nne, za upande wa kushoto zinasukumwa na springi za vavu. Zikiachiwa zinaruka zenyewe, na hapo vavu zinaweza kugongana kabla hata stata haijapigwa.
- Tenshena ya haidroliki inabanwa kwenye jiriwa polepole, ikiwa imesimama wima, mpaka pini iingie. Akiibana kwa haraka anaiharibu ndani, na hutajua mpaka siku mkanda utakapolegea.
- Mkanda unaingia kwa mikono. Akichukua bisibisi kuusukumia kwenye puli, mzuie.
- Mikono na puli viwe vikavu. Hakuna grisi, hakuna oili, hakuna "kulainisha".
- Akimaliza, anazungusha krenki kwa spana, kwa mkono, mizunguko miwili kamili, kisha anaziangalia alama upya. Hili halina mjadala. Ikikwama mahali, haisukumwi kwa nguvu. Anarudi nyuma kutafuta kosa. Injini nyingi huzungushwa kufuata mshale wa saa, lakini Honda za zamani za B na D huzunguka kinyume.
- Bolti ya puli ya krenki inakazwa kwa toki (spana inayopima nguvu ya kukaza), siyo kwa kurukia bomba.

Fundi anayekuambia "mizunguko ya nini, nimefanya hii kazi miaka ishirini" mwombe afanye hivyo hivyo. Miaka ishirini haihesabu meno.

11. Bandika stika yako

Kipande cha karatasi na gundi ya plastiki juu ya kava: tarehe, kilomita, vitu vilivyobadilishwa. Piga picha uitunze kwenye simu pia. Kama ni dizeli yenye taa ya T-BELT, hakikisha imerudishwa sifuri siku hiyo hiyo, vinginevyo itakuwakia siku isiyo yake na hutajua umwamini nani.

IKITOKEA HIVI

Injini inawaka lakini inatetemeka na haina nguvu. Mkanda umekosea jino moja. Zima, usiendelee "kuijaribu barabarani". Kava inafunguliwa, alama zinaangaliwa upya. Jino moja kwenye injini inayogonga linaweza kuvumilika, mawili yanaweza kukupeleka kwenye hedi.

Haiwaki kabisa baada ya kazi. Kabla ya kulaumu mkanda, angalia kama soketi ya sensa ya krenki au ya kemu imerudishwa. Mara nyingi ni hiyo. Kisha alama.

Taa ya injini imewaka, mashine inasoma P0016. Kompyuta inaona krenki na kemu hazikubaliani. Kwenye gari lililotoka kufungwa mkanda jana, hiyo si sensa. Rudi kwenye alama.

Mlio wa kulia kama filimbi, haukuwepo kabla. Mkanda umekazwa kupita kiasi, au puli mpya ni feki. Usisubiri ujizoee, bearingi iliyobanwa hivyo haifiki mbali.

Inapigapiga ndani ya kava kwa sekunde chache asubuhi, kisha inanyamaza. Tenshena ya haidroliki inapoteza oili yake. Ibadilishwe.

Maji ya rejeta yanapungua, na chini ya upande wa mkanda pana unyevu. Gasketi ya pampu mpya haikukaa vizuri. Usiongeze maji na kuendelea, kwa sababu yanatiririkia kwenye mkanda mpya.

Gari limezima ghafla barabarani bila kugugumia. Piga stata mara moja tu, sekunde moja, usikilize. Ikizunguka nyepesi na haraka kuliko kawaida, kama imevuliwa mzigo, mkanda umekwenda. Acha hapo hapo. Kila ukirudia unazipa pistoni nafasi nyingine ya kugonga vavu ambazo labda zilisalimika. Wala usikubali vijana wa pale kulisukuma gari lishtuke kwa gia. Livutwe likiwa kwenye nyutro. Kama ni otomatiki linaloendesha magurudumu yote manne, lipande kwenye gari la kubebea.

Limefika gereji na mkanda umekatika kweli. Usikubali hedi ishushwe kwanza. Kama ni 3S-FE au moja ya zile A, funga mkanda mpya, oanisha alama, washa; nyingi zinaamka. Kama ni ya kugonga, fundi aweke alama sawa, afunge mkanda wa muda, azungushe kwa mkono, kisha apime kompresheni (mgandamizo wa hewa) silinda moja moja. Silinda yenye sifuri ina vavu iliyopinda. Omba uione geji mwenyewe kabla hajaanza kufungua bolti za hedi.